Kamera ya kuvulia niliyoletewa ni ya barafu: nitaitumiaje kwenye mtumbwi Matema?

ChaiMufindi aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Niko Mafinga, kazi yangu ni mbao. Uvuvi kwangu ni wa kujifurahisha tu: mshipi, ndoano, chupa ya chai na mtu wa kupiga naye stori.

Shemeji yangu anaishi Marekani, jimbo la Minnesota. Alipokuja kwenye harusi ya mdogo wake alinibebea zawadi ambayo sikuiomba: kamera ya kuvulia. Ni begi moja gumu, ndani kuna kioo cha inchi 7, kebo ya mita 15, na kamera yenyewe ina umbo la kisamaki, ina mapezi kwa nyuma na vitaa vidogo kuzunguka lenzi. Akanieleza inavyotumika kwao. Ziwa linaganda hadi watu wanaegesha magari juu yake. Wanatoboa tundu, wanashusha kamera na ndoano, wanakaa kwenye hema lenye hita wanaangalia samaki anavyokuja. Nikamwuliza, sasa shemeji, mimi nitatoboa nini? Akacheka, akapanda ndege akaondoka.

Nimeijaribu kwenye ziwa Ngwazi hapa kwetu. Picha inatoka, lakini inazunguka mfululizo mpaka kichwa kinauma, na jua likitoka kioo kinakuwa cheusi kabisa, ninajiona uso wangu tu. Chaja yake ina pini mbili bapa za Kimarekani na sijathubutu kuichomeka.

Septemba nina likizo, nataka kwenda Matema, Ziwa Nyasa, na hiki kitu. Naomba mwenye uzoefu aniambie namna ya kuituliza isizunguke, umeme wake, na kama kule itaona kitu. Wa kunishauri niiuze pia namsikiliza, ila shemeji atauliza.

---

Kipanga_wa_Mtera alijibu:

Popote utakapoipeleka, usiilete huku bwawa la Mtera. Ruaha Mkuu na Kizigo vinamwaga tope humu. Ukizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko huoni vidole vyako. Utakaa unatazama ukungu wa rangi ya chai ya maziwa huku sisi tunatoa perege na kambale kwa nyavu. Maji ya hivi yanataka kile chombo cha mawimbi ya sauti kinachokuonyesha kina na samaki kwa vitone, maana sauti haijali tope.

Ila ukipita Masoko kuelekea Matema, izamishe mle ziwani Kisiba utuangalizie zile hela za Mjerumani. Ukizipata usinisahau.

---

FundiKebo alijibu:

Mkuu ChaiMufindi, kamera yako haina ugonjwa, usiiuze. Mimi riziki yangu ni kufunga kamera za ulinzi hapa Mwanjelwa, Mbeya, na nikipata nafasi nateremka Matema kwa mjomba wangu ambaye ni mvuvi. Hiyo kamera yako na zile ninazofunga madukani ni ndugu wa tumbo moja: volti 12, picha inapita kwenye waya, vitaa vya infraredi kuzunguka lenzi, yaani mwanga ambao kamera inauona lakini jicho karibu haliuoni. Zaidi ni raba za kuzuia maji na kebo nene. Na usimsikilize atakayekwambia ununue ya kisasa isiyo na waya. Mawimbi ya Wi-Fi yakiingia majini yanakufa ndani ya sentimita chache. Kebo ndiyo yenyewe.

Sasa kuhusu kuzunguka. Aliyeibuni alimfikiria mtu aliyekaa juu ya sakafu. Barafu haipandi wala haishuki, kwa hiyo kamera ikining'inia inatulia yenyewe. Wewe uko kwenye mtumbwi: wimbi likikuinua shibiri moja, kamera nayo inainuka shibiri ile ile. Yale mapezi yanasaidia pale tu penye mkondo, au chombo kikienda polepole. Maji yakisimama ni urembo. Halafu kebo iliyokaa miezi ndani ya begi ikiwa imeviringwa inataka kujirudia kwenye mviringo wake, na ndiyo inayoipa kamera kizunguzungu. Kabla ya safari ilaze juani uwanjani imenyooka mchana mzima.

Lakini dawa ya kweli ni kuacha kuining'iniza. Ikalishe chini. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee kigoda cha miguu mitatu cha nondo ya milimita 8, kimo kama sentimita 30 ili lenzi isikae kwenye vumbi la chini. Uzito wa kilo tatu hivi unatosha, ukipungua mwongezee kipande cha chuma. Mbele ya kamera mwambie atoe mkono mwembamba wa nondo, urefu wa sentimita 70. Huo mkono upake rangi nyeupe na nyeusi kila sentimita 10. Nitakwambia sababu.

Kigoda unakishusha kwa kamba ya manila, si kwa kebo. Kebo ikibeba uzito, waya wa ndani unakatika pale inapoingia kwenye kamera, na hapo hakuna fundi atakayekurudishia ile raba ya kiwandani. Funga kebo kwenye kamba kwa tepu ya umeme kila baada ya mita moja, kebo ikiwa imelegea kidogo kuliko kamba. Kisha mita mbili juu ya kigoda funga chupa tupu ya maji ya nusu lita. Hii chupa ndogo ndiyo siri ya mambo yote: unaachia kamba ya ziada mita mbili tatu, mtumbwi unacheza na mawimbi unavyotaka, chupa inashikilia kamba isiangukie lenzi, na kigoda hakina habari. Kwenye kioo picha inakuwa imetulia kama ukutani.

Mshipi wako ushushe pamoja na kigoda. Unaubana kwenye ncha ya ule mkono kwa raba ya kufungia noti, ndoano inaning'inia hapo mbele ya lenzi. Samaki akila na ukivuta, raba inakatika, unabaki na samaki wako kwenye mshipi na kigoda kinabaki chini. Raba iwe nyembamba.

Ile rangi ya nyeupe na nyeusi ni kwa sababu kioo cha lenzi ni bapa na maji yanapinda mwanga. Kitu kilicho mita moja kinaonekana kama kiko robo tatu ya mita, kwa hiyo kinaonekana kikubwa kwa theluthi nzima. Bila kipimo utapiga kelele umeona samaki wa kilo mbili kumbe ni wa kukaanga wawili sahani moja.

Taa. Mchana zima zote. Watu wanadhani ukiwasha taa utaona mbali, kumbe mwanga unagonga chembe zilizo karibu na lenzi unarudi, unapata picha ya theluji. Matema kwenye kina cha watu wazima watatu au wanne, mwanga wa jua unatosha kabisa. Rangi nyekundu inapotea mapema sana majini, kwa hiyo usishangae nyungunyungu akionekana wa kijivu.

Umeme: soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240V, tafuta kichwa cha kubadilishia pini tu, chomeka bila hofu. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia harufu. Kisha angalia betri. Kama ni ya litiamu, chaja yake itaandikwa 12.6V, hiyo usiibadilishe na chaja ya betri ya gari hata siku moja, litiamu inawaka moto. Kama ni ile nzito ya boksi jeusi kama ya kingʼora, 12V 7Ah, itakupa saa tano hivi za kuangalia kabla hujaiua kwa kuimaliza. Betri ya bodaboda nayo inafanya kazi, ila ifunge kwenye ndoo yenye mfuniko. Maji ya betri yakimwagika ndani ya mtumbwi ni balaa lingine.

Kioo na jua: ndoo nyeusi ya lita 20, ilaze ubavu, kioo ndani, kitambaa cheusi kichwani kwako. Utaonekana kama mpiga picha wa stendi wa zamani lakini utaona.

Kipanga, kuhusu Kisiba: hadithi ya Wajerumani kutosa hela na silaha mle wakati wa Vita Kuu ya Kwanza naijua, na sarafu zenyewe watu wameziokota. Ila lile ziwa ni la kreta, kina chake kinapita mita 30, kebo ya 15 itaishia katikati. Mimi kinachonivutia mle ni samaki. Watafiti waliandika mwaka 2015 kuwa kuna samaki mmoja mle anagawanyika njia mbili: madume ya maji ya juu ni ya njano, yale ya chini kabisa, kuanzia kama mita 20, ni ya bluu. Kwa kebo hiyo ataonana na wa njano tu.

---

Kipanga_wa_Mtera alijibu:

Fundi umeandika kama unalipwa kwa neno. Lakini swali moja la kijinga: akishaona samaki ndiyo anampata? Mimi baba yangu hakuona samaki hata mmoja chini ya maji na alitusomesha wote.

---

FundiKebo alijibu:

Si la kijinga hata kidogo. Kamera haivui. Na kama unataka kuzunguka ziwa ukitafuta samaki walipo, hiyo siyo kazi yake, inaona mita chache tu. Kazi yake ni kukuonyesha kinachotokea pale kwenye ndoano, basi.

Nikupe mfano wa mjomba. Kule kwenye miamba, baada ya Lyulilo kuelekea Ikombe, ambako Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani, mshipi hautulii. Tk, tk, tk muda wote. Mjomba akisikia hivyo huvuta, anakuta ndoano tupu, anatukana, anaweka chambo kingine. Ndivyo wanavyofanya wote. Nikamkalisha mbele ya kioo. Akaona vile visamaki vya mawe, vya bluu na mistari, ambavyo wenzetu wa Malawi wanaviita mbuna, vimezunguka ndoano. Hakuna hata kimoja kinachomeza. Kimoja kinakuja ubavuni, kinang'ata kipande cha nyungunyungu, kinageuka. Mwingine anaingia nafasi yake. Nyuma yao, pale ambapo picha inaanza kuwa ya bluu tupu, kuna mmoja mkubwa amesimama, anapunga mapezi, anaangalia. Hasogei mpaka wadogo wamalize. Na chambo kikiisha, kwa nini asogee?

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema shusha chambo kigumu. Tukaweka kipande cha ngozi ya samaki, ambacho wadogo hawakiwezi. Yule mkubwa alipokuja nilitegemea mshipi utavutwa kwa nguvu. Hapana. Alikifyonza, akakitema, akakifyonza tena, akakitema, na mkononi mwa mjomba hakuna kilichotikisika. Safari nyingine alipofyonza nikasema vuta. Ndiyo faida yake, Kipanga. Siku hizi mjomba anavua miamba ile bila kamera na anajua lini asivute.

---

MamaLyulilo alijibu:

Wanangu, hamjambo. Mimi ni wa Matema, nauza samaki na nina mtumbwi wangu unaovuliwa na vijana. Yote aliyosema fundi ni sawa ila nanga hakugusa, na usipokuwa na nanga kigoda chako kitaburuzwa mpaka uchoke.

Weka mbili, mbele na nyuma, mtumbwi usizunguke. Kwenye mchanga haina shida. Kwenye miamba usitumie chuma, kitakwama kati ya mawe na utakata kamba. Sisi tunatumia jiwe, na jiwe tunalifunga kwa kamba mbovu, ile ya katani iliyozeeka, halafu ndiyo inaunganishwa kwenye kamba nzima. Likikwama unavuta, mbovu inakatika, jiwe linabaki, umepoteza nini? Mawe hayajaisha Livingstone. Na hicho kigoda cha nondo, fundi, kwenye mawe makubwa kitaingiza mguu kwenye mwanya. Mwambie akae pale mawe yanapoanza, lakini kigoda kikae kwenye mchanga, kiangalie mawe.

Pili, maji. Septemba ni sawa kabisa. Ukija Machi au Aprili, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinaleta udongo wa Rungwe na wa mashamba ya mpunga, upande wa Kyela ziwa linakuwa jekundu mbali. Matema tuko pembeni kidogo, lakini na sisi Lufilyo inatufikia. Kiangazi maji ni safi, tatizo ni upepo. Mwera ukianza kuvuma kutoka kusini, unakusanya mawimbi urefu wote wa ziwa na sisi ndio wa mwisho kaskazini, yote yanatuangukia. Kwa Septemba unapungua, lakini bado ingia majini alfajiri na jua likiwaka sana uwe umetoka. Na vijana wangu wakisema leo hapana, usibishane nao kwa sababu una likizo.

Tatu, usiende na hiyo kamera kwenye midomo ya mito kwa sababu unataka kuona mbasa. Mbasa wanapanda mito kuzaa, ni kweli wanapita hapo. Na mamba wapo hapo. Kebo ikinasa usishuke kuinasua.

Nne, pita kwanza kwa watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, uwaonyeshe begi lako, na leseni uwe nayo. Si kwa ubaya. Hapa pwani ukionekana unashusha kamera, wenye nyavu za macho madogo watadhani umetumwa na serikali. Utakuta mtumbwi wako hauna kafi.

Na ukimwona kwenye kioo jike ambaye kidevu kimejaa kama ana embe mdomoni, hali chochote, huyo ana watoto mdomoni. Mwache, sogea.

---

ChaiMufindi aliandika:

Mama, ndaga fijo, asante sana. Fundi, nimecheki: chaja imeandikwa 100–240V, na betri ni ya litiamu, 12.6V kama ulivyosema. Kigoda kinachomelewa kesho, fundi wa kuchomelea ameuliza mara mbili kama ni cha kukaangia chips.

Nimebaki na maswali mawili. Nitajuaje kama haivuji kabla ya kuishusha mita kumi? Niliiweka kwenye pipa la maji usiku kucha, iko sawa. Na usiku itaona? Vile vitaa nikiviwasha gizani vinatoa wekundu hafifu.

---

FundiKebo alijibu:

Pipa halikuambii kitu kuhusu kina. Kila mita 10 maji yanaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote tuliyo nayo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo raba iliyovumilia pipa inaweza kusalimu amri kwenye mita nane. Siku ya kwanza shusha mita tatu, kaa kama robo saa, pandisha, ifute, tazama kioo cha lenzi kwa ndani dhidi ya jua. Ukiona jasho, simama hapo hapo. Kioo kikiwa safi nenda sita, halafu kumi. Kama kuna mahali panafunguliwa kwa mkono, pale kwenye raba ya mviringo tafuta mchanga au unywele. Unywele mmoja unatosha kupitisha maji. Paka grisi ya silikoni kidogo sana, usipake mafuta ya kula wala ya gari.

Wekundu hafifu ni habari njema. Maana yake infraredi yake ni ya nanomita 850, huo ndio urefu wa wimbi la mwanga wake. Zile zisizoonekana kabisa, za 940, kwenye maji ni kazi bure, maji yanazimeza kabla hazijafika popote. Hizo zako zitakupa mita moja hivi, picha nyeusi na nyeupe. Ule mkono wa sentimita 70 utauona mpaka ncha, na ndoano. Kwa kambale inatosha, wao usiku ndio saa zao.

Kama kamera ina taa nyeupe pia, usiiwashe usiku usio na mwezi. Dagaa wanafuata mwanga, ndivyo wavuvi wanavyowakusanya kwa taa. Utashusha kamera kuangalia kambale, dakika chache baadaye kioo chote ni macho ya dagaa.

---

MamaLyulilo alijibu:

Hao dagaa akiwapata aniite, nitaleta wavu.

Mwanangu, usije Ijumaa. Jumamosi hapa Lyulilo ni soko la vyungu vya Wakisi, gari za kutoka Kyela na Ipinda zinajaa watu na vyungu, na hilo begi lako gumu litakaliwa. Njoo Jumatano au Alhamisi. Ukifika uliza mtumbwi wa mama mwenye duka la nyavu karibu na ufukwe, vijana nitawaambia.

---

ChaiMufindi aliandika:

Alhamisi basi, mama. Kipanga, karibu; nafasi ya mtu wa kushika ndoo ipo.

---

Kipanga_wa_Mtera alijibu:

Nauli ya Mtera hadi Matema na nishike ndoo? Nitumieni picha ya yule mkubwa anayesimama nyuma. Na mkono wenye rangi uonekane, nataka kupima mwenyewe.